Kinachotupwa na Bahari ni Amana Kabla ya Kuwa Ngekewa

Watu wa pwani tangu zamani wanaijua bahari kuwa hutwaa na hutoa. Alfajiri baada ya usiku wa upepo, mwenye kutembea ufukweni aweza kukuta ubao wa jahazi, chelezo la wavu au nazi iliyosafiri kutoka asikokujua. Vitu hivyo huviokota akaenda navyo nyumbani, wala hapana wa kumuuliza. Mazoea hayo yametufanya tumtazame kwa jicho hilo hilo kasa aliyelala mchangani, pomboo aliyekwama kwenye maji mafupi, na hata nyangumi aliyetupwa na mawimbi akiwa amevimba. Wote twawaona ni ngekewa iliyoletwa mlangoni.

Makala haya yanakusudia kubainisha kwamba mnyama wa bahari aliyekwama pwani hafanani na ubao wa jahazi. Pengine ndani yake mna uhai ambao bado waweza kuokolewa. Hapana budi mna habari ambayo wenye elimu wanaihitaji. Na huenda mna sumu ya kuiangamiza familia nzima. Kwa sababu hiyo, kabla hajaitwa ngekewa, mnyama huyo ni amana iliyo mikononi mwa mtu wa kwanza aliyemwona.

Wanaoamka kuisoma pwani

Wakazi wengi wa Dar es Salaam hawana habari kwamba kasa wangali wanataga mayai ndani ya mkoa wao. Upande wa kaskazini, katika Kinondoni, kuna fukwe za Kunduchi, Ununio na Mbweni, na mkabala wake viko visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, vilivyotangazwa kuwa hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975. Upande wa kusini kuna Gezaulole, Kimbiji na Yaleyale Puna, katika Wilaya ya Kigamboni iliyomegwa kutoka Temeke. Kwenye mchanga wa huko kusini ndiko kasa hupanda usiku, akafukia mayai yake, akarudi majini kabla hakujapambazuka.

Shirika la Sea Sense, lenye makao yake Dar es Salaam, limekuwa likishughulika na viumbe hawa tangu mwaka 2001. Njia yake ni kuwafundisha wanavijiji wenyewe, wengi wao wakiwa watu waliokulia katika uvuvi, ili wawe walinzi na waandishi wa mambo ya ufukwe wao. Aliyezoea kufukua kiota ili ale au auze mayai huambiwa kwamba akitoa taarifa ya kiota hicho atapewa malipo, na mayai yakianguliwa salama ataongezewa. Kwa mpango huo, mtu yule yule aliyekuwa adui wa kiota amekuwa mlezi wake.

Siku ya kazi ya watu hawa huanza mapema, kwa kuwa nyayo za pwani hazidumu. Upepo huzifuta na maji yakijaa huzizoa. Mtu hutembea juu kidogo ya mstari wa mwani uliotupwa na maji ya usiku, akitafuta mburuzo mpana uliopanda kutoka baharini, unaofanana na alama ya gurudumu la trekta. Mwenye ujuzi huusoma mburuzo huo kama sisi tusomavyo herufi. Ikiwa alama za mapezi ya kulia na ya kushoto zimekaa sambamba, aliyepita ni kasa wa kawaida, yule ambaye wengine humwita kasa uziwa. Zikiwa zinapishana, moja mbele na nyingine nyuma, huyo ni ng'amba. Katika maji yetu hupatikana pia duvi, kigome na noa, lakini hao ni wageni wa kupita.

Kiota kikionekana mahali ambapo maji makuu yatakifikia, mayai huhamishwa siku ile ile na kupelekwa juu zaidi. Huchukuliwa kwa upole bila kugeuzwa, kwa sababu kinachoanza kuumbika ndani ya yai hushika upande mmoja, na yai likipinduliwa hufa. Kiota kimoja cha kasa chaweza kuwa na mayai zaidi ya 100, nayo hukaa mchangani kama siku 50 au 60. Katika vitoto vyote vitakavyotoka, ni vichache mno vitakavyofikia utu uzima, jambo linalochukua miaka 20, 30 au zaidi. Basi kasa jike anayepanda ufukweni Kimbiji usiku wa leo huenda aliianza safari yake kabla ya kuzaliwa baadhi ya wazazi wanaosoma ukurasa huu.

Mzoga nao husema

Si kila asubuhi huleta kiota. Zipo asubuhi zinazoleta mzoga. Hapo ndipo kazi huwa ngumu kwa pua na kwa moyo, nayo hufanywa kwa utaratibu. Kwanza watu hutazama bila kushika. Shingoni au kwenye mapezi, je, kuna alama ya uzi wa wavu? Gamba limepasuliwa na panga la mashine ya boti? Tumbo limechanwa kwa kisu? Kisha gamba hupimwa urefu na upana kwa tepu inayofuata mviringo wake. Mkia nao hutazamwa, kwani dume aliyekomaa ana mkia mrefu mnene na jike ana mfupi. Tarehe, mahali na hali ya mzoga huandikwa, picha hupigwa, na mwisho mzoga huzikwa juu ya alama ya maji makuu, kwa kina ambacho mbwa hawataweza kuufukua. Kuzikwa huko huzuia pia mzoga mmoja usihesabiwa mara mbili na watu wawili.

Huenda msomaji akauliza: kuna faida gani kumpima aliyekwisha kufa? Jawabu ni kwamba mzoga mmoja husema neno moja tu, lakini mizoga ya miaka mingi iliyoandikwa vizuri hutoa hotuba kamili. Kwa kumbukumbu za namna hiyo ndipo ilipojulikana kwamba katika maji yetu jarife ni miongoni mwa wauaji wakubwa wa kasa. Kasa anavuta hewa kwa mapafu kama sisi. Akiwa ametulia aweza kukaa chini muda mrefu, lakini akinaswa na kuanza kupambana na wavu humaliza pumzi upesi, naye hufa kwa kuzama katika bahari ile ile aliyozaliwa kuogelea. Mvuvi hakumkusudia, naye pia hupata hasara ya wavu uliochanika.

Mifuko ya plastiki nayo ina sehemu yake, kwa sababu ikielea majini hufanana na yavuyavu, ambao ni chakula cha baadhi ya kasa. Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko hiyo kuanzia tarehe 1 Juni 2019, lakini plastiki iliyokwisha kuingia baharini haijui marufuku.

Akikutwa hai

Mambo hubadilika kabisa mnyama akikutwa anapumua, na hapa ndipo huruma isiyo na elimu huua. Mtu mwema humwona kasa amelegea, akamshika mapezi, akamburuza na kumtupa majini akidhani amemwokoa. Kasa aliyetoka wavuni mara nyingi mapafu yake yana maji na hana nguvu ya kuinua kichwa, hivyo akirudishwa upesi huzama palepale. Lililo sahihi ni kumweka kivulini akiwa ameketi kwa tumbo lake, sehemu ya nyuma ikainuliwa kidogo kwa ubao au tairi kuukuu ili maji yatoke mapafuni, na gamba lifunikwe kitambaa kilicholoweshwa bila kuziba pua. Asimwagiwe maji mdomoni wala asilishwe. Huenda akahitaji saa nyingi, pengine hata siku nzima, ndipo arudi katika nguvu zake. Watoto na mbwa wakae mbali, na mwenye kumhudumia asisimame mbele ya mdomo, kwani taya za kasa zina nguvu.

Pomboo ana hukumu yake. Yeye si samaki. Ni mnyama mwenye damu ya moto, anayezaa na kunyonyesha, na hupumua kwa tundu lililo juu ya kichwa. Akiwa nchi kavu, jua humchoma na uzito wa mwili wake mwenyewe hukandamiza mapafu. Basi huwekwa wima juu ya tumbo, huchimbiwa vishimo chini ya mapezi, hulowanishwa mfululizo na kutiliwa kivuli, na tundu lile huachwa wazi lisiingie maji wala mchanga. Kumvuta kwa mkia ni kumvunja. Makelele ya umati humtia hofu inayoweza kumuua kabla ya jua kumuua. Wakati huo mtu mmoja awe amekwisha kwenda au kupiga simu kuwaita wenye ujuzi.

Ama vitoto vya kasa, msiba wao mkubwa ni taa. Vikitoka mchangani usiku hufuata upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa maumbile ni upeo wa bahari. Ikiwapo taa kali ya nyumba au hoteli, vitoto huipa bahari mgongo na kuelekea barabarani, ambako hukanyagwa, huliwa na kunguru au hukaushwa na jua. Mwenye nyumba ya ufukweni anaweza kuokoa kiota kizima kwa kuzima swichi moja.

Pomboo wa Nungwi

Umuhimu wa kuchunguza kabla ya kuhukumu ulidhihirika huko Unguja. Tarehe 28 Aprili 2006, wakazi wa Nungwi na Kendwa, kaskazini mwa kisiwa, waliamka na kukuta pomboo waliokufa wametapakaa kwenye pwani yao. Hawakuwa mmoja wala kumi. Idadi iliyotajwa ilikuwa kati ya 400 na 600. Hofu ilitanda. Wapo waliosema bahari imetiwa sumu, na wengine walizishuku manowari za kigeni na mitambo yake ya sauti.

Wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko Zanzibar, walikwenda kwenye mizoga hiyo, wakaipima na kuipasua. Hawakukuta dalili za sumu. Matumbo hayakuwa na chakula cha karibuni. Maelezo yaliyoelekea zaidi kwenye ukweli yalikuwa kwamba kundi lilipoteza mwelekeo, likaingia kwenye maji mafupi, na maji yalipokupwa likanaswa humo. Ni nini hasa kilichowapotezea mwelekeo, hilo halikupata ushahidi wa kukata.

Wakati wachunguzi wakifanya kazi hiyo, wapo wakazi waliokuwa wakipasua matumbo ya pomboo ili kuchukua maini, wapate mafuta ya kupaka vyombo, kama yafanywavyo maini ya papa kwa kutengeneza sifa. Hatuwalaumu watu wenye kujitafutia. Lakini tujiulize: lau pomboo wote wangekatwakatwa kabla ya mtaalamu kufika, ni nani angewatuliza watu juu ya sumu? Mvuvi wa Nungwi angerudi vipi baharini na mnunuzi angemwamini vipi? Habari iliyokuwa ndani ya mizoga ile ilikuwa na thamani kuliko mafuta yake.

Msiba wa Pemba

Na kama Nungwi sumu ilihofiwa ikakosekana, Pemba ilikuwapo na haikuonekana. Mwezi Novemba 2021, watu saba walifariki kisiwani humo baada ya kula nyama ya kasa, mmoja wao akiwa mtoto wa miaka mitatu. Haikupita miaka mitatu, mwezi Machi 2024, msiba ukarudi katika Kisiwa Panza, upande wa kusini wa Pemba. Watoto wanane walifariki, na mtu mzima mmoja, mama wa mmoja wa watoto hao. Wengine 78 walilazwa hospitalini. Mwenyezi Mungu awarehemu marehemu na awape subira waliobaki.

Ni wajibu kila familia ya pwani ifahamu namna sumu hii inavyofanya kazi. Inadhaniwa kutokana na vimea vidogo vya baharini ambavyo kasa hula, na ikajikusanya mwilini mwake bila kumdhuru yeye. Kasa mwenye sumu hana rangi tofauti wala harufu tofauti, na nyama yake haina ladha ya kumtahadharisha mlaji. Kuichemsha hakuiondoi, wala kuikaanga, wala ndimu. Dawa mahususi ya kuipinga haijapatikana. Huwadhuru zaidi watoto na wazee, na mama aliyekula aweza kumpitishia mtoto anayenyonya hali mtoto hakuonja kitu. Mzee aseme atakavyo kwamba amekula kasa miaka 40 na hakudhurika. Hayo ni maneno ya kweli, lakini hayamlindi na kasa wa leo.

Hukumu ya kinachotupwa

Hapa atasimama mwenye elimu ya dini na kusema: mbona maswahaba walimla mnyama aliyetupwa na bahari? Swali hili ni zuri na tunalipa haki yake. Imepokewa na Bukhari na Muslim, kutoka kwa Jabir bin Abdillah (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) aliwatuma watu 300 chini ya uongozi wa Abu Ubaida bin al-Jarrah (r.a.) kuelekea pwani. Tende zao zilikwisha, wakafikia kula majani ya miti. Ndipo bahari ikawatupia mnyama mkubwa aitwaye anbar, kama kilima, wakamla siku nyingi hadi miili yao ikarudi. Abu Ubaida alisimamisha ubavu wa mnyama huyo, na ngamia akapita chini yake. Waliporudi Madina walimweleza Mtume, naye akaikubali riziki hiyo na kutaka aletewe sehemu yake.

Kwa hadithi hii na nyinginezo, jamhuri ya wanazuoni wamesema kwamba mfu wa bahari ni halali, ingawa Imamu Abu Hanifa alimtoa samaki aliyekufa mwenyewe akaelea. Lakini tuangalie jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita. Katika mapokezi ya Muslim, Abu Ubaida hakukimbilia kisu. Kwanza alisita kwa kuwa aliona ni mzoga, kisha akaitazama hali yao ya dharura, ndipo akaruhusu. Kusita kwake ni fiqhi, na kuruhusu kwake ni fiqhi. Njaa ilikuwa ya kweli na nyama haikuwadhuru.

Sisi tunakuta hali nyingine. Juu ya kasa, wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamekhitalifiana, na wapo waliomharamisha kwa kumhesabu miongoni mwa wanaoishi nchi kavu na majini. Hata tukimfuata aliyehalalisha, vitabu hivyo hivyo vinataja bayana kwamba chenye sumu na chenye kudhuru mwili hakiliwi, wala hapana khitilafu ya maana katika hilo. Zaidi ya hayo, Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake zinawalinda kasa, nguva, pomboo na nyangumi katika Tanzania Bara. Kwa hiyo mwenye kuitumia hadithi ya anbar kuhalalisha sufuria ya kasa amechukua mwisho wa kisa akauacha mwanzo wake.

Yaliyo juu ya familia

Mzazi afanye nini? Kwanza, awafundishe watoto kwamba mnyama wa baharini aliyekutwa pwani haguswi. Anayeambiwa ni mtu mzima. Watoto ndio wafikao ufukweni mapema kuliko wote, na mtoto wa madrasa anayejua la kufanya ana faida kuliko umati wa watu wazima wasiojua. Pili, taarifa ipelekwe kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, kwa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za pwani, kwa afisa uvuvi, au kwa Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Tatu, mzoga mkubwa uachwe mbali. Nyangumi aliyevimba hujaa hewa na aweza kupasuka, na mizoga hubeba maradhi. Aliyelazimika kugusa aoshe mikono kwa sabuni. Nne, aliyekwisha kula kasa akaona kichefuchefu, kuwashwa koo, kizunguzungu au usingizi usio wa kawaida, apelekwe hospitali mara moja na aseme wazi alichokula bila kuona aibu wala kuogopa sheria. Wote waliokula naye wapelekwe pia, hata wasiohisi kitu, pamoja na watoto wachanga wanaonyonyeshwa na waliokula.

Twajua kwamba ufukara upo, na kwamba nyama inayogawiwa bure kijijini ni vigumu kuikataa mbele ya watoto wenye njaa. Ndiyo maana neno hili haliwahusu wanaokula peke yao. Linamhusu mwenye ngalawa anayegawa, mwenye duka anayenunua gamba, mwenye hoteli anayewasha taa usiku kucha, na sisi wenye mimbari tunaoweza kulitangaza jambo hili siku ya Ijumaa katika misikiti ya Kimbiji, Kunduchi na Mkoani, likafika nyumba ambazo gazeti halifiki. Tangazo la dakika mbili baada ya swala huenda likamkuta mtu ambaye kesho yake atakuwa wa kwanza kufika mahali kasa amelala.

Wallahu aalam.